Sheria ya Pua

Katika Jamhuri ya Tulizo hakuna mtu aliyewahi kupigwa bila sababu. Nataka jambo hili lieleweke mapema, maana nchi ile imesingiziwa mengi. Kila aliyepigwa alipewa sababu yake kwa maandishi, na kama hakujua kusoma, alisomewa huku akipigwa.

Nyamizi Lugendo alikuwa raia mwema wa nchi hiyo. Alikuwa fundi bomba, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mabega mapana, maneno machache. Aliishi mtaa wa Mabirika na baba yake, Mzee Lugendo, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa muonja chai wa kiwanda cha serikali. Mzee yule aliweza kufumba macho, akanusa kikombe, akakwambia majani yamechumwa mlima gani, mvua ilinyesha lini, na kama mchumaji alikuwa anavuta sigara. Serikali iliitunukia pua ile nishani. Ilining'inia ukutani sebuleni. Nishani, nasema, siyo pua. Pua wakati huo ilikuwa bado usoni.

Sasa, mabomba yalifikaje?

Baba Mwenye Nchi, ambaye ndiye rais wa Tulizo na pia mkulima bora na golikipa bora wa Tulizo, alisafiri kwenda nchi ya theluji kung'oa jino. Hotelini alishuka kitandani bila viatu akakuta sakafu ina joto. Wanasema alisimama pale dakika ishirini, machozi yanamlengalenga. Alipouliza, akaambiwa chini ya sakafu kumepitishwa mabomba ya plastiki yanayozungusha maji ya moto. "Na wasaidizi wangu wanakanyaga baridi!" akasema kwa uchungu. Kabla damu ya jino haijakauka alikuwa ameagiza mabomba ya kutosha ikulu, wizara zote na nyumba mia tatu za wakubwa.

Tulizo ni nchi ya jua. Mchana wa kiangazi kuku wake huvuka barabara kwa kurukaruka. Mtambo wa ikulu uliwashwa Jumatatu saa nne asubuhi, na ilipofika saa tano Baba Mwenye Nchi alitolewa nje amebebwa na walinzi wanne, nyayo zimejaa malengelenge. Mhandisi aliyeusimika mtambo akahukumiwa viboko mia moja vya nyayo, ili aielewe hitilafu kwa vitendo. Alipozimia kwenye cha themanini na mbili, msaidizi wake akalazwa chini apokee vilivyobaki, kwa kuwa serikali ile haikupenda kazi iachwe njiani.

Mabomba yaliyosalia yalijaza maghala manne. Yalikuwa mekundu, yamesokotwa kama nyoka waliolala. Hapo ndipo Waziri wa Maji, Mheshimiwa Profesa Balozi Kizibo, alipopata wazo. Mabirika ilikuwa haijawahi kuwa na maji ya bomba. Watu walikuwa wamesubiri tangu uhuru.

"Bomba ni bomba," alisema Waziri Kizibo. "Maji ya moto yamepita humo bila kulalamika. Ya baridi yana nini cha kulalamikia?"

*

Nyamizi aliajiriwa kuwa msimamizi wa ulazaji, mtaa wa Mabirika pamoja na kambi ya polisi iliyopakana nao. Alifurahi. Kwa miaka yote alikuwa akipitisha maji kwenye mitaa ya watu wengine, kisha anarudi kwake kubeba ndoo.

Siku ya kwanza alikata kamba ya bomba moja, akalinyoosha juani, akaona maandishi madogo meupe yakijirudia kila mita moja. Yalikuwa katika lugha tatu za kigeni na, kwa bahati mbaya, katika lugha yetu pia: KWA KUPASHA JOTO TU. SI KWA MAJI YA KUNYWA.

Aliyasoma mara mbili. Waziri alipokuja kukagua kazi na wapiga picha wake, Nyamizi alimsogelea, akavua kofia.

"Mheshimiwa, samahani. Bomba la maji ya kunywa huwa na cheti chake. Hupimwa linaachia nini ndani ya maji. Hili limepimwa kustahimili joto na msukumo wa maji basi. Yaliyochanganywa humo ili lisipasuke, na gundi ya tabaka zake, hakuna aliyeangalia kama yanafaa kuingia tumboni. Labda hayana neno. Lakini hakuna aliyeangalia."

Waziri alimtazama kwa huruma kubwa.

"Fundi," akasema, "hili ni bomba lililokusudiwa nyayo za Baba Mwenye Nchi. Unataka kuwaambia wananchi kwamba koo lako wewe ni bora kuliko nyayo zake?"

Wapiga picha wakageuza kamera zao kwa Nyamizi. Akavaa kofia yake. "Hapana, Mheshimiwa."

Pengine yangeishia hapo, lakini kulikuwa na kibarua mmoja, Mbaruku, baba wa watoto watano, aliyekuwa amejifunza kusoma ukubwani na bado anaona raha kusoma kila kitu kwa sauti, hata pakiti za chumvi. Waziri alipokuwa anapanda gari, Mbaruku aliinua bomba akasoma, kwa kunyoosha silabi moja moja, "Si kwa ma-ji ya ku-nywa."

Mlinzi wa kazi ile alikuwa Sajini Kapungu, mtu mrefu, msafi, mwenye mkono mwepesi. Alichukua koleo, akaligeuza, akampiga Mbaruku kwa mpini chini ya sikio. Taya ikatoka mahali pake kwa mlio kama wa kuvunja muwa. Akampiga tena alipokuwa anaanguka, na tena alipokwisha kuanguka. Kisha akafuta mpini kwa leso, akauliza kwa upole, "Nani mwingine hapa anajua kusoma?"

Wanaume ishirini na sita walitazama chini. Nyamizi naye alitazama chini.

Alasiri ile yalifika maboksi ya msasa. Kwa siku kumi na moja kazi ilikuwa kusugua maandishi, mita kwa mita. Nyamizi alisugua kuliko wote, kwa sababu alikuwa msimamizi, na kwa sababu kila alipopumzika alimwona Mbaruku amekaa kando ya mtaro, kichwa kimefungwa kitambaa, naye anasugua. Vumbi jeupe la herufi liliingia kwenye kucha zake. Usiku aliziosha, asubuhi yakawa yale yale.

*

Siku ya ufunguzi ilihitaji mtu wa kuonja maji hadharani. Waziri Kizibo, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo katika mambo madogo, alikumbuka kwamba Mabirika ina pua yenye nishani ya serikali. Gari likatumwa kumchukua Mzee Lugendo.

Asubuhi ile Nyamizi alimfunga baba yake vifungo vya shati. "Baba, nakuomba. Onja, sema ni matamu, rudi nyumbani."

"Kwa nini, hayana utamu?"

"Baba, sema tu."

Mzee akamtazama. "Unajua kitu?"

Nyamizi alijua. Angeweza kukisema, wawili wao tu, mlango umefungwa. Badala yake alimwekea kofia kichwani, akasema, "Wanakusubiri."

Uwanja ulijaa. Waziri alihutubia saa mbili na nusu kuhusu historia ya kiu. Kisha koki ikafunguliwa, maji yakatoka, na watu wa Mabirika wakalia, kweli wakalia, maana hawakuwahi kuona maji yakija yenyewe bila kubebwa. Mzee Lugendo akapewa glasi na kipaza sauti.

Alifanya kama alivyofanya kwa miaka thelathini na mmoja. Akanusa. Akavuta maji mdomoni kwa sauti, akayazungusha, akayatema pembeni. Akafumba macho. Alikuwa kazini, na alipokuwa kazini alisahau mambo yote ya dunia, ikiwemo serikali.

"Plastiki mpya iliyokaa juani," akasema, na vipaza sauti vikabeba maneno mpaka kambini. "Nyuma yake gundi. Nyuma ya gundi kuna kitu kichungu kinachobaki kwenye ulimi, sikijui jina. Mimi nisingepitisha. Ningerudisha shehena yote."

Kapungu alipanda jukwaani kwa hatua mbili. Rungu lilimpata mzee katikati ya uso. Watu wa safu ya mbele walisema walisikia mfupa, na walirukiwa na damu, na mmoja wao, mwanamke aliyebeba mtoto, alipigwa papo hapo kwa kuifuta bila kibali.

Waziri Kizibo akachukua kipaza sauti kilichokuwa kimeanguka. "Ndugu wananchi, mmejionea wenyewe. Pua hii ilikuwa mbovu. Pua nzima ingevunjika kwa pigo moja?"

Akapigiwa makofi. Virungu vilikuwa vimeshuka kati ya watu kuhakikisha hivyo.

*

Wiki iliyofuata bunge lilipitisha Sheria ya Pua. Kifungu cha kwanza kilisema maji hayana harufu. Kifungu cha pili kilisema anayesikia harufu isiyokuwepo ni mgonjwa au adui, na kwamba tiba ya wote wawili ni moja. Kikaundwa Kikosi cha Ladha, chini ya Sajini Kapungu, kupita nyumba kwa nyumba. Kila mtu alikunywa glasi mbili mbele ya askari, nao wakamtazama uso. Kukunja paji la uso lilikuwa kosa dogo, kuvunjwa kidole kimoja. Kutema lilikuwa kosa kubwa.

Watu walijifunza kwenye vioo. Mabirika ikawa mtaa wa nyuso laini kuliko zote nchini. Mwanamke mmoja mwenye mafua alisema, kwa kujitetea, kwamba yeye hasikii harufu yoyote siku hizi. Akaachiwa, kisha akarudishwa na kuvunjwa mkono, kwani kauli yake ilidokeza kwamba kuna kitu cha kusikia. Mwuza maandazi alipiga chafya glasi ikiwa mdomoni, akazikwa Alhamisi. Kuhusu kama maji yenyewe yalimdhuru mtu, hakuna aliyejua. Wenye kujua ni wale wanaopima, na kupima kulikuwa kumepigwa marufuku na kifungu cha tano.

Mtaa ni mkubwa, Kikosi kilifika kwa Lugendo mwezi wa sita tangu ufunguzi, saa sita mchana, askari watano na Kapungu. Mzee alikuwa kitini, uso bado umefungwa bandeji mpaka macho, maana mfupa ulikuwa umekataa kuunga. Nyamizi alikunywa glasi zake mbili, uso laini kama sahani. Hata yeye alishangaa jinsi alivyoweza.

"Mzee," alisema Kapungu, "yana harufu?"

"Sijui, mwanangu. Pua umeivunja."

"Safi. Andika hapo hayana harufu."

"Ila ulimi ninao," akasema Mzee Lugendo.

"Baba!" Nyamizi alimshika bega.

"Niache. Huyu ameniuliza swali la kazi." Akamgeukia Kapungu, akisema polepole kwa sababu ya bandeji. "Ule uchungu umeongezeka. Siku ya kwanza ulikuwa nyuma, sasa uko mbele. Mwambie mkubwa wako ayapime. Mimi siyo adui wa mtu."

Walimpiga pale pale kitini mpaka kiti kikavunjika, kisha wakampiga sakafuni. Nyamizi alijitupa juu yake. Wakamvuta kwa nywele, akarudi. Wakamvuta tena, akarudi. Mara ya tatu askari mmoja alimkanyaga mkono wa kulia kwa buti na kugeuza kisigino, taratibu, kama mtu anayezima sigara. Baba yake aliacha kujikinga mapema sana. Wao waliendelea kwa muda, pengine kwa sababu hakuna aliyewaambia waache.

Kabla ya kuondoka Kapungu aliacha karatasi mezani, iliyogongwa muhuri. *Sababu ya kifo: ulimi.*

*

Matangani watu walikaa na nyuso laini. Siku ya tatu Nyamizi alisimama katikati ya waombolezaji, mkono umefungwa kwenye ubao.

"Nina jambo," akasema. "Yale mabomba yalikuwa na maandishi. Yalisema siyo ya maji ya kunywa. Niliyafuta mimi, kwa msasa, siku kumi na moja. Baba aliniuliza kama najua kitu, nikamwekea kofia."

Mbaruku, ambaye taya yake ilikuwa imeunga upande, aliinamisha kichwa. Mwanamke mmoja aliinuka akatoka, akatema mate kizingitini. Nyamizi aliona amestahili.

Siku hiyo hiyo alikwenda Maabara ya Taifa kumtafuta mkemia mkuu, Dakta Ndimbwa. Alimkuta ameketi peke yake kwenye chumba kilichojaa vioo vilivyosagika. Kikosi kilikuwa kimepita na nyundo, kikavunja mizani, kikavunja darubini, kisha, kwa kuwa nyundo zilikuwa bado mikononi, kikavunja vidole sita vya Dakta.

"Sikuwahi kusema yanaua," Dakta alimwambia. "Niliomba chupa moja ya maji na wiki mbili. Basi. Bomba la kupasha joto linaweza kuwa halina tatizo. Linaweza kuwa nalo. Aliyelitengeneza ameandika mwenyewe kwamba hakuahidi."

"Na tufanye nini?"

"Msiyanywe mpaka yapimwe. Ni neno dogo sana hilo, mama. Sielewi limewezaje kuvunja vidole vyote hivi."

Kesho yake asubuhi Nyamizi alitoka na sululu ya mkono mmoja, akaanza kuchimba mtaro mbele ya mlango wake. Alichimba kwa mkono wa kushoto, vibaya, anakosa, anainua tena. Majirani walichungulia madirishani. Baada ya robo saa Mbaruku alikuja na koleo. Akaja yule mwanamke aliyetema mate. Mpaka saa nne mtaa mzima ulikuwa unachimba, na mabomba mekundu yanatoka ardhini kama utumbo.

*

Waziri Kizibo alikuja mwenyewe, amesimama kwenye gari la wazi, nyuma yake Kikosi cha Ladha na bunduki arobaini.

"Wananchi wapendwa!" akaita. "Serikali yenu sikivu imesikia mnachimba. Inawapa dakika moja kufukia."

Alikuwa na saa nzuri sana, lakini hakuitazama. Risasi zilianza sekunde ya kumi. Mwanamke aliyetema mate alianguka wa kwanza, ndani ya mtaro aliouchimba. Mbaruku alipigwa tumboni, akakaa chini kwa mshangao, akawa anajaribu kusema kitu ambacho taya yake haikuweza kukitamka. Watu walikimbilia mitaroni, risasi zikawafuata humo. Kumi na mmoja walikufa kabla askari hawajasimama kujaza risasi upya.

Katika kimya kile Nyamizi alitoka mtaroni. Hakuwa jasiri, anasema mwenyewe kwamba alichanganyikiwa. Alimwona Kapungu hatua ishirini mbele yake, anaingiza risasi moja moja kwa vidole safi.

"Sajini!" akapaza sauti. "Unakaa kambini namba tisa!"

Kapungu akainua macho.

"Jikoni, kona ya kushoto, chini ya dirisha. Niliingiza mimi. Mkeo alinipikia chai, alikuwa na mimba changa. Ni bomba hili hili! Kambi nzima ni bomba hili!"

"Uongo," alisema Waziri kutoka garini. "Kambi ina mabomba maalumu."

"Ya rangi gani?" akauliza Kapungu.

Ni swali dogo, lakini hakuna askari aliyewahi kumuuliza waziri swali katika historia ya Tulizo. Waziri alisema, "Ya rangi ya taifa." Kapungu akamtuma askari mmoja kambini. Wengine wote wakasubiri, wenye bunduki na waliokuwa wakipigwa nazo, huku Mbaruku akifa polepole kati yao. Askari akarudi anakimbia, ameshika kipande chekundu chenye urefu wa mkono. Kilikuwa kimesuguliwa vibaya. Upande mmoja herufi zilikuwa zimebaki: YA KUNYWA, na kabla yake, hafifu, SI.

Askari walikuwa na wake. Walikuwa na watoto waliokuwa wanakunywa maji yale kwa miezi sita bila hata kulazimishwa.

Walimshusha Waziri garini kwa kumvuta miguu. Kulikuwa na pipa la maji kando ya kibanda cha mama lishe, limejazwa asubuhi kutoka koki ya mtaa. Wakamchovya kichwa.

"Yana harufu?" Kapungu alimuuliza walipomtoa.

"Hayana!" alisema Waziri Kizibo, maji yanamtoka puani. Lazima tumsifu, hakuwahi kuyumba.

Wakamchovya tena, muda mrefu zaidi. "Yana harufu?"

"Hayana!"

Mara ya tano akasema, "Yanayo, yanayo," nao wakamchovya kwa kuvunja Sheria ya Pua.

Watu wa Mabirika walitoka mitaroni wakasogea, wakawa wanasaidia kushika miguu. Nyamizi alisimama hatua tatu kutoka pipani. Angeweza kusema neno, na siku ile pengine wangemsikiliza. Alikumbuka kiti kilivyovunjika. Alitazama miguu ya Waziri mpaka ikatulia.

*

Jioni redio ilitangaza kwamba Baba Mwenye Nchi amegundua njama ya marehemu Kizibo na kuizima kwa mkono wake mwenyewe kupitia Kapungu, ambaye sasa ni Luteni Kapungu. Sheria ya Pua ikafutwa. Dakta Ndimbwa akapewa mizani mpya na kuamriwa apime maji.

Alihitaji wiki mbili. Matokeo aliyasoma kwenye ukumbi wa shule ya Mabirika, karatasi akiishikilia kwa viganja kwa sababu vidole vilikuwa bado havikunjiki.

"Katika maji kuna vitu saba vilivyotoka kwenye bomba," akasoma. "Viwili vimezidi kiwango kinachoruhusiwa. Viwili viko chini ya kiwango. Vitatu havina kiwango, kwa sababu hakuna aliyetarajia mtu avinywe."

"Kwa hiyo yanaua!" akapaza mtu.

"Sikusema hivyo. Kwa miezi sita, huenda madhara ni madogo. Kwa miaka ishirini, sijui. Mabomba yatolewe. Zaidi ya hapo sijui, na nikisema najua nitakuwa Kizibo."

Ukumbi ukaanza kunguruma. Mzee mmoja, mwanawe alikuwa kati ya wale kumi na mmoja, alisimama. "Tumezika watu. Tumeua waziri. Halafu unatuletea *sijui*?"

"Amehongwa!" akasema mwingine. Jiwe la kwanza lilipasua ubao nyuma ya Dakta. La pili lilimpata begani. Watu walikuwa wamezoea. Mikono ilijua njia. Wakapanda jukwaani, wale wale waliovunjwa vidole, wakaanza kumvuta mkemia kwa mikono yake iliyovunjika, naye akapiga ukelele mmoja mwembamba.

Nyamizi alijikuta juu yake. Hakuamua. Alimlalia kama alivyomlalia baba yake, na teke lililomlenga Dakta likaingia ubavuni mwake. Jingine likampata sikioni. Alisikia ladha ya damu, akapaza sauti kwa nguvu ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Mpigeni na baba yangu basi! Yuko makaburini, safu ya tatu, mfukueni mumpige! Na yeye alisema hajui jina la kitu kile! Alisema kipimwe!"

Teke likasita hewani. Mtu akamshika mwenzake mkono. Halikuwa jambo la kupendeza. Wengine walishuka wakitukana, na mzee yule aliyefiwa alikaa pembeni mwa jukwaa akalia. Lakini walishuka.

Mlangoni alisimama mwanamke mwenye mimba kubwa, amejishika kiuno. Alikuwa Tunsume, mke wa Kapungu.

"Fundi," akasema, "mimi sitaki kujua kama linaua. Nataka la kwangu litolewe leo."

Nyamizi aliinuka kwa shida. Alimtazama tumbo, akamtazama uso. Akaenda kuchukua msumeno wake.

*

Namba tisa palikuwa safi sana, viatu vya kazi vimepangwa mlangoni kwa mstari. Luteni Kapungu alikuwa nyumbani. Alisimama alipomwona Nyamizi, kisha hakujua afanye nini na mikono. Nyamizi alipita bila salamu, akapiga magoti kona ya kushoto chini ya dirisha, akaanza kukata kwa mkono mmoja. Tunsume alishika bomba lisicheze. Hakuna aliyeomba msamaha, na Nyamizi hakuwa amekuja kuuchukua.

Bomba lilikatika. Maji yaliyokuwa yamelala ndani yakamwagika sakafuni, na hewa ya jikoni ikabadilika. Tunsume aliinama kwa uzito wake, akaweka pua kwenye mdomo wa bomba. Kwa miezi sita alikuwa amekunywa uso laini, katika nyumba hii kuliko nyumba zote.

"Linanuka," akasema.

Mkono wa Kapungu ulikwenda kiunoni, penye rungu. Ulikwenda wenyewe. Wanawake wote wawili waliuona, wakaganda pale sakafuni. Yeye naye aliuona. Akautazama mkono ule, kisha akauondoa, akachuchumaa kati yao, akachukua kipande chekundu kilichokatwa na kukinusa.

"Ni kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Linanuka."

Kisha akageuka haraka kutazama mlangoni, kama kuna mtu aliyemsikia.